Somo la Redio: Nyumba ya Vyumba Sita

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ameketi mahali anaposikia vizuri, na kwamba maneno saba ya leo yameandikwa ubaoni. Maneno yenyewe ni haya: baraza, ukumbi, ua, fito, lipu, hati, mrithi. Haya, tuanze.

Leo tutazungumza juu ya nyumba za zamani za vitongoji vya Dar es Salaam. Sisemi majumba ya serikali yaliyo karibu na bandari. Nasema nyumba zile za chini za Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, ambazo watu huziita nyumba za Kiswahili. Baadhi yenu mmezaliwa ndani yake. Wengine mmepanga chumba humo hata leo.

Nyumba hizi zina historia. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi mahali fulani nje kidogo ya mji. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, wakasema Kariakoo. Magomeni ilikua sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Hapo ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipokaa na jamaa yake katika miaka ya mwisho ya 1950, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika miaka iliyofuata lilibomoa nyumba nyingi mbovu za udongo na makuti, likajenga za matofali ya saruji na mabati. Lakini mpango wa vyumba haukuachwa, kwa sababu watu walikuwa wameuzoea na uliwafaa.

Mpango huo ni upi? Tuingie ndani.

Mbele ya nyumba pana baraza. Hapo mgeni hukaribishwa bila kuingia ndani. Jioni wazee hucheza bao, na muuza kahawa hupita na dele lake. Lakini baraza lina kazi ya pili, ambayo wengi hawaifikirii. Hulinda sehemu ya chini ya ukuta, ili maji yanayodondoka kutoka paani yaanguke mbali na udongo.

Ukipita mlangoni unaingia ukumbini. Kulia vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu. Ukumbi umenyooka kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo hupita katikati na nyumba hupoa. Mtu anayejaza ukumbi kwa masanduku na baiskeli huuziba upepo huo, kisha hulalamika juu ya joto.

Nyuma pana ua. Huko kuna jiko, bafu na choo. Huko nazi hukunwa, nguo hufuliwa, nywele husukwa, na watoto hucheza huku wakitazamwa na kila mama aliyepo.

Kuta za nyumba za kwanza zilisimamishwa kwa miti. Boriti za mikoko zilitoka katika delta ya Rufiji. Fito zilifungwa kwa kamba, zikakandikwa udongo, na juu yake ikapakwa lipu ya chokaa. Paa lilikuwa la makuti, au la madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati yakaenea.

Sasa tuseme juu ya watu. Katika nyumba moja mwenye nyumba huweza kukaa chumba kimoja au viwili, na vingine akapangisha. Mmoja ni fundi cherehani, mwingine anauza samaki, mwingine analinda usiku na kulala mchana. Wote wana choo kimoja, bomba moja, na mara nyingi mita moja ya umeme. Ndiyo maana kuna zamu ya kufagia ua, na mchango wa kununua umeme. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Huyu anasema ametoa, yule anasema hajaona.

Dawa yake ni daftari. Liwekwe mahali panapojulikana. Kila mchango uandikwe tarehe, chumba na kiasi. Na kila anayelipa kodi apewe stakabadhi. Leo mtainakili hii: «Mimi, mwenye nyumba, nimepokea shilingi ... kutoka kwa ... ambazo ni kodi ya chumba ya mwezi wa ...» Chini yake kuna tarehe na sahihi. Ni maneno machache, lakini yameokoa urafiki wa watu wengi.

Ndugu wanafunzi, nyumba ya zamani ina adui wawili. Adui wa kwanza ni maji. Bati likitoboka, maji huingia ukutani, fito huoza, na mchwa hufuata. Kila mwaka, kabla ya masika, panda ukague paa. Zibua mfereji. Ondoa takataka na udongo uliorundikana chini ya ukuta. Kama ukuta ni wa udongo, usikimbilie kuupaka saruji. Saruji huufungia unyevu ndani, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na udongo. Chokaa huuacha ukuta ukauke. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Adui wa pili haonekani paani wala ukutani. Ni karatasi zilizopotea, au karatasi zisizosomwa. Viwanja vya Kariakoo sasa vina bei kubwa, na nyumba nyingi za chini zimebomolewa ili kujenga ghorofa. Kuuza si kosa. Kosa ni kuuziwa nyumba yako bila kujua. Mzee amefariki, hati haijulikani iliko, mtoto mmoja analetewa karatasi, anaweka dole gumba. Wenzake wanapata habari siku nyundo zinapogonga ukuta.

Kwa hiyo yajueni mambo matatu. La kwanza, hati na risiti za kodi ya ardhi zihifadhiwe pamoja, na zaidi ya mtu mmoja katika jamaa ajue ziliko. La pili, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama si mwenye mali yote. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, na kumpa kila mrithi haki yake. La tatu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuiweka rehani au kuipangisha, bila idhini ya mwenzake.

Na nyinyi mnaojifunza kusoma, msione haya kusema: «Niacheni nisome kwanza.» Mwenye nia njema atangoja. Asiyetaka kungoja, mwogopeni.

Haya, kwa leo tuishie hapa. Mwalimu ataendelea nanyi darasani. Kwaherini.

MASWALI

1. Baraza lina kazi gani mbili?
2. Kwa nini ukumbi usijazwe vitu?
3. Saruji hudhuruje ukuta wa udongo?
4. Kazi ya msimamizi wa mirathi ni nini?
5. Nakili stakabadhi iliyo katika somo, ujaze nafasi zilizoachwa wazi.
6. Zungumzeni: katika nyumba unamokaa, ni nani anayejua hati iliko?