Mgao wa Nyimbo: Teenage Fanclub na Tuhuma ya Kutobadilika



Asili ya Teenage Fanclub, bendi iliyoanzishwa Bellshill karibu na Glasgow mwaka 1989, mnaijua, siirudii. Kilichonisimamisha hapa ni hukumu ninayoisikia kila yanapozungumzwa magitaa ya Uskoti: kwamba vijana hawa walisema yote mwaka 1991, kisha wakajirudia kwa miaka 30.

Wenye hukumu hiyo huanza na Big Star, bendi ya Memphis ya miaka ya 1970, wakidai kuwa Waskoti waliiiga. Ni kweli waliiiga, tena hadharani, na Alex Chilton wa Big Star mwenyewe alipanda nao jukwaani. Sasa kosa liko wapi? Mrithi anayemtaja marehemu kwa jina haitwi mwizi.

Dai la pili, kwamba sauti haikubadilika, ndilo linalonikera, kwa sababu halihitaji hoja kulikanusha. Linahitaji masikio tu. Chukueni albamu yao A Catholic Education ya 1990: magitaa yanakwaruza, mwimbaji amezama chini yake kama vile hakualikwa. Kisha wekeni Grand Prix ya 1995. Kelele zimeondoka, kila neno linasikika. Miaka mitano tu! Mwaka 1997, Songs from Northern Britain ikafika nafasi ya 3 Uingereza ikiwa imebebwa na sauti za kuitikiana.

Katikati ya safari hiyo upo wimbo mmoja ambao mtanivumilia niuzungumzie. "The Concept" unafungua Bandwagonesque, albamu ambayo jarida la Spin la Marekani liliiweka juu ya Nevermind ya Nirvana kwa mwaka 1991. Nusu ya kwanza ni wimbo wa kawaida wa magitaa, mtamu, wenye kiitikio. Halafu, pale ambapo bendi nyingine ingemaliza, mwendo unapunguzwa, maneno yanakoma, sauti nyembamba za kiume zinapanda zikiimba bila neno lolote, na gitaa linalia juu yake kwa muda mrefu. Mimi nililelewa katika kwaya, safu ya tenor, na mwalimu wetu alituonya kila Jumamosi kwamba anayetaka kusikika peke yake aende akaimbe nyumbani. Nilipousikia mwisho wa wimbo huu nilimkumbuka. Hakuna anayetaka kusikika peke yake pale. Albamu zote zilizofuata zimechipuka kutoka dakika hizo.

Hapa ndipo ninapofikia dai langu. Bendi ilikuwa na watunzi watatu: Norman Blake, Gerard Love na Raymond McGinley. Man-Made ya 2005, waliyoirekodi Chicago na John McEntire wa bendi ya Tortoise na kuitoa kwa lebo yao wenyewe, PeMa, ina nyimbo 12, na kila mmoja ana 4. Shadows ya 2010 ina mgao uleule, na Here ya 2016 vilevile. Mtunzi mwenye robo ya saa tu hana nafasi ya kupiga makelele, na wenzake wawili wanaomwitikia leo atawaitikia kesho. Kelele ziliisha kwa sababu madaraka yaligawanywa.

Wapo watakaosema kwamba umri hupunguza kelele za kila mtu, na kwamba wapiga ngoma walibadilika, na maprodyuza pia. Nakubali. Mpiga ngoma ana uzito mkubwa kuliko tunavyoandika. Lakini bendi nyingi zimezeeka na kubadili wapiga ngoma bila kufikia maelewano ya namna hii. Nabaki na mgao wangu.

Mwaka 2018 Love aliondoka, baada ya kutoafikiana na wenzake kuhusu ratiba ya ziara. Kama sauti ingekuwa suala la vipaji tu, hesabu ingevurugika. Endless Arcade, ya 2021, ina nyimbo 12: 6 za Blake na 6 za McGinley.