Kipimo Kinachong'aa: Kinachoweza na Kisichoweza Kusema Kuhusu Saratani

Mazungumzo kwa wakazi wa Kitale na Bungoma



Kila aliyewahi kudungwa kidoleni apimwe malaria ameona chembe za nano zikifanya kazi. Ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipande cha plastiki, mara nyingi, ni dhahabu iliyosagika mno. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita, na chembe hizo huwa na nanomita 40 hivi. Zimebebeshwa kingamwili zinazonasa protini ya vimelea. Zikinasa, zinarundikana mahali pamoja na rangi inaonekana.

Watafiti wanataka mbinu iyo hiyo inase protini zinazotolewa na saratani uvimbe ukiwa bado mdogo. Wengi hutumia chembe zinazong'aa zikimulikwa, kwa sababu mashine husoma mng'ao hafifu ambao jicho lisingeuona. Ajabu ni kwamba rangi hufuata ukubwa: chembe ndogo hutoa buluu, na kubwa zaidi za kitu kile kile hutoa nyekundu. Kazi hiyo iliwapatia Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023.

Mbona basi kipimo hicho hakijafika zahanati? Kwa sababu kuona protini si kuona saratani. PSA, inayopimwa kwa wanaume, hupanda pia tezi dume ikivimba kwa uzee tu au ikipata maambukizi. Kifaa kikali zaidi kitaona PSA kidogo zaidi, ila hakitasema imepandishwa na nini. Mzee wa Kimilili au Kiminini akitishwa na namba moja tu, atauza ng'ombe kwa ugonjwa asio nao. Vingi vya vipimo hivi vingali katika maabara za utafiti. Kwa hiyo mtu akija sokoni na mashine ya kushika kiganjani, akidai inasoma saratani kwa "kwantamu", asipewe hata shilingi.

Mng'ao, hata bila nano, tayari unasaidia dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. GeneXpert, mashine inayojulikana kwa kupima kifua kikuu, husoma mwanga unaotokea vinasaba vya kimelea vikipatikana. Ikitiwa katriji nyingine hutafuta virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu visa vyote vya saratani hiyo, na jibu hutoka kwa muda wa saa moja hivi. Hapa anayesakwa ni msababishi, miaka kabla ya uvimbe. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza na miaka 30 na kurudia kila miaka 5 hadi 10. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze na miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Pasipo katriji, kipimo cha siki kipo. Kukutwa na HPV si kukutwa na saratani, mradi mama arudi kuangaliwa.

Saratani ya umio, ambayo wengi huiita ya koo na inayowapata watu wengi upande huu wa nchi, haina kipimo cha damu cha kutegemewa. Ugali ukianza kukwama mara kwa mara, kinachohitajika ni kamera ya kuteremshwa kooni hospitalini, wala si chupa nyingine ya dawa ya vidonda vya tumbo.