Hotuba ya Karani wa Chama Juu ya Afya ya Wanawake



Jambo nitakalolisema si desturi yetu kulitaja barazani; lakini wahenga walinena, mficha uchi hazai.

Dada yangu, ambaye nasema kwa idhini yake, alikaa katika ndoa miaka sita bila mtoto. Hedhi yake ilikuja mara nne au tano tu kwa mwaka, na ndevu zilimwota kidevuni. Daktari wa kwanza alimwambia apunguze chakula. Wa pili alimpa vidonge vya damu. Wa tatu hakumwuliza neno. Nyumbani aliitwa tasa, hata kesi ya kurudisha mahari ikafunguliwa. Daktari wa nne ndiye aliyemwuliza habari za siku zake, akampima damu, akamtajia ugonjwa wake.

Ugonjwa huo ni sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, ulioelezwa na madaktari Stein na Leventhal wa Chicago mwaka 1935. Dalili zake kuu ni tatu: hedhi isiyofuata mpango, homoni za kiume kuzidi, na vifuko vingi katika ovari. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wanao, na hadi 70 katika kila 100 ya wagonjwa hao hawajatambuliwa. Si uchawi wala laana. Wengi wakitibiwa huzaa. Lakini ukipuuzwa, hatari ya kisukari na ya saratani ya mji wa mimba huongezeka.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mabinti zetu waandike tarehe za hedhi na kumwonyesha daktari. Pili, Halmashauri iwaandikie wakuu wa afya wa kaunti, ili madaktari na matabibu wa zahanati wafundishwe kuutambua ugonjwa huu. Tatu, wazee wasisikilize kesi ya utasa kabla mume na mke hawajapimwa wote wawili.

Dada yangu angali akitibiwa. Mtoto bado hajampata. Baadhi ya wazee walioketi katika kesi ile wamo humu. Siwalaumu, maana hata madaktari hawakujua. Lakini tangu leo sisi sote tunajua.