Watengenezaji wa programu za sauti wamsikilize nani?

Wasikilizaji wapenzi, juma hili nawaomba twende nyuma ya kioo cha studio, kwa fundi anayekata na kuunga sauti mnazozisikia. Programu ya kompyuta anayoitumia hutolewa upya mara kwa mara, na kila mara watengenezaji wake hukabiliwa na swali lile lile: warekebishe yaliyokuwamo tangu zamani, au waingize teknolojia mpya inayozungumzwa na kila mtu? Siku hizi teknolojia hiyo ni akili mnemba. Mtasema hayo ni ya mafundi. Sivyo, na nitaeleza kwa nini.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa wembe. Mhariri aliuzungusha utepe kwa mkono mpaka alipolisikia neno analolitaka, akatia alama kwa penseli, akakata kwa mshazari, akaunga. Vipande vilivyotolewa alivining'iniza shingoni hadi awe na hakika kwamba havitahitajika tena. Kompyuta zilipoingia, programu iliyopendwa sana ilikuwa Cool Edit Pro, ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Syntrillium. Mwaka 2003 kampuni ya Adobe ikainunua programu hiyo na kuipa jina la Audition. Kisha mwaka 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo yake mapya yatakodishwa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Asiyelipa, hufungiwa.

Mwandishi wa kujitegemea, mwanafunzi na redio ndogo za mikoani wakakimbilia Audacity, ambayo ni ya bure. Hii ilianzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg. Ni programu nzuri, lakini kwa miaka mingi ilikuwa na kasoro moja iliyowatoa watu machozi. Ulipohifadhi kazi yako, ilitengeneza faili dogo la mradi na, pembeni yake, folda iliyojaa vipande vya sauti yenyewe. Mtu akalinakili lile faili kwenye flashi, akaiacha folda nyumbani. Anafika studio, kipindi kinakaribia, anafungua: hamna kitu. Mahojiano ya saa nzima yamelala mezani kwake, na yeye yuko upande wa pili wa jiji.

Kasoro hiyo iliondolewa Machi 2021, katika toleo la 3.0, ambalo liliweka kila kitu ndani ya faili moja. Septemba 2022 likaja toleo la 3.2, ambalo humwezesha mhariri kubadili sauti, kwa mfano kuongeza besi, huku akiisikiliza ikicheza. Awali alilazimika kuibadili kwanza, kusikiliza, kufuta, na kujaribu tena. Hakuna gazeti lililoweka habari hizo ukurasa wa mbele. Lakini nathubutu kusema zilimfaa mtu wa studio kuliko maajabu mengi yanayotangazwa kwa vishindo.

Angalieni jambo moja hapo. Ili kuziweka sauti zote katika faili moja, watengenezaji walibadili namna nzima ya kuhifadhi, wakaingiza hifadhidata ndani ya programu. Lalamiko lilikuwa la zamani, dawa ikawa ngeni. Kwa hiyo simuungi mkono anayekataa kila kipya. Wenzetu wa magazeti wanaikumbuka QuarkXPress, iliyotawala upangaji wa kurasa katika miaka ya 1990. Apple ilipotoa mfumo wake mpya wa kompyuta mwaka 2001, Quark walichelewa hadi 2003. InDesign ya Adobe ilikuwa imekwisha kuwahi tangu 2002, na wapangaji wengi wa kurasa wakahama, wasirudi.

Sasa tuje kwenye akili mnemba. Kuandika kwa mkono mahojiano ya saa moja ni kazi ya nusu siku, na ni lalamiko la zamani kweli kweli. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, programu inayosikiliza na kuandika. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Lakini katika hizo, lugha zote 96 zisizo Kiingereza, Kiswahili kikiwamo, ziligawana saa 117,000 tu. Hapa mimi nataka teknolojia mpya, tena nyingi zaidi, ila ifundishwe kusikia anavyozungumza mtu wa Mtwara na mtu wa Musoma.

Kuna nyingine inayonitia wasiwasi. Programu ya zamani ya kupunguza kelele ilikuwa ikionyeshwa sampuli ya mlio usiotakiwa, tuseme feni, kisha ikaupunguza. Desemba 2022 Adobe walitoa chombo ambacho huitengeneza sauti upya, ikasikika kana kwamba msemaji aliketi studio. Kwa tangazo la sabuni, haidhuru. Lakini mama anayehojiwa katika mafuriko, mvua ikipiga bati juu yake? Mvua ile ni sehemu ya ushahidi wake. Na mtambo wa namna hiyo ukishindwa kulishika neno, waweza kutoa mlio unaofanana na neno ambalo mama yule hakulitamka. Msikilizaji atajuaje? Huyo ni wewe, bwana, uliye kwenye daladala, na wewe mama uliye jikoni, mnaoamini kwamba mnamsikia mtu.

Kwa maoni yangu, chombo hicho kisiguse sauti ya shahidi katika taarifa ya habari. Kikitumika katika vipindi vingine, msikilizaji aambiwe. Nao watengenezaji waitie programu alama itakayobaki ndani ya faili, ili mhariri wa zamu ya usiku ajue kilichofanywa na mwenzake wa mchana.

Nilimwuliza fundi ninayefanya naye kazi angependa kuongezewa nini katika toleo lijalo. Akili mnemba hakuitaja kabisa. Alisema anataka programu ifunguke upesi katika kompyuta anayoitumia, ambayo ina umri wa miaka tisa, na umeme ukikatika asipoteze hata sekunde moja ya sauti.

Hadi juma lijalo, kwaherini.