Aliyeachishwa chuo asijifiche

Yafuatayo ni mazungumzo yetu ya kila wiki kama yalivyosikika redioni.



Kila mwaka matokeo ya vyuo vikuu yanapobandikwa, wako vijana ambao hawashangilii wala hawalalamiki. Hunyamaza kimya. Hao ni wale ambao mbele ya namba zao limeandikwa neno ambalo wanafunzi wamelifupisha na kuliita "disko". Si disko la muziki hilo. Maana yake ni kwamba mwanafunzi ameachishwa masomo kwa sababu alama zake hazikufikia kiwango.

Kabla ya disko kuna ngazi mbili. Kuna "sapu", yaani mtihani wa marudio, na kuna "keri", yaani somo ambalo mwanafunzi amelishindwa na sasa analibeba kwenda nalo mwaka unaofuata. Vijana huzitaja kwa mzaha wakiwa mstari wa chakula, lakini kwa kweli hizo ni kengele za hatari. Mwenye sapu mbili mwaka wa kwanza ameshaambiwa na chuo kwamba njia anayopita ina shimo mbele. Tena katika vyuo vingi, hata ukijibu sapu vizuri namna gani, alama utakayoandikiwa haizidi C. Kwa hiyo sapu humwokoa mtu asianguke, lakini haimpandishi.

Leo napenda tuzungumze na yule ambaye kengele zimekwisha kulia, na barua ameshaipata. Afanye nini?

Wengi hufanya jambo moja: hujificha. Mtoto ameachishwa chuo, lakini nyumbani wanajua bado anasoma. Anaendelea kulala bwenini kwa kubebwa na rafiki, kitanda kimoja watu wawili. Asubuhi anatoka na begi mgongoni. Mama anauza vitenge sokoni, anatuma fedha ya matumizi. Baba anawaambia jirani kwamba mwakani tuna mahafali. Mwaka unapita, na wa pili unapita. Siku ya kuvaa joho inapofika, hakuna joho. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyeshindwa mitihani amepoteza masomo. Aliyejificha miaka miwili amepoteza masomo, miaka miwili, fedha ya mama yake, na kuaminiwa. Kati ya hivyo vinne, cha mwisho ndicho kigumu zaidi kukirudisha.

Tena kujificha kuna hasara ya pili ambayo wengi hawaifikirii. Rufaa ina siku zake. Chuo huweka muda wa kupokea malalamiko, na baada ya hapo mlango hufungwa hata kama ulikuwa na haki. Wakati kijana analia chini ya shuka, siku zake zinahesabika.

Kwa hiyo la kwanza ni kuisoma barua yenyewe, tena mara mbili, ukiwa na kitabu cha kanuni za mitihani mkononi. Kila chuo kina kanuni zake, na usitegemee za chuo cha rafiki yako. Angalia umeachishwa kwa kosa gani: ni wastani wa alama, ni kutofika kwenye mtihani, ni ada, au ni tuhuma za udanganyifu? Kila moja ina dawa yake.

La pili ni kupiga hesabu. Disko kwa kawaida ni hesabu, na hesabu inaweza kukosewa. Tuchukue mfano. Vyuo vyetu vingi vinatumia mizani ya pointi 5: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni 0. Tuseme Juma ana masomo matano yenye uzito sawa. Amepata B moja, C mbili, D moja na E moja. Jumla ni pointi 8. Gawanya kwa 5 unapata 1.6. Tuseme kanuni ya chuo chake inataka wastani wa 1.8 ndipo mtu aruhusiwe kufanya sapu. Juma amedisko.

Sasa tuiangalie ile E. Kwenye mtihani wa mwisho Juma alipata 25 kati ya 60. Kazi za darasani, ambazo ni 40, alikuwa amepata 22. Jumla ni 47, nayo kwa vyuo ambavyo alama ya kufaulu ni 40 ni C safi. Lakini alama za kazi za darasani hazikuingizwa, kwa hiyo karatasi inaonyesha 25 tu. Ikisahihishwa, pointi zake zinakuwa 10, wastani unakuwa 2.0, na Juma anabaki chuoni akiwa na sapu moja ya lile somo la D. Tofauti kati ya kijana aliyefukuzwa na kijana anayeendelea ni namba moja ambayo haikuandikwa. Asiyekagua hataijua kamwe. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye busara hutunza karatasi zake zote za majaribio zilizosahihishwa mpaka matokeo yapitishwe na Seneti ya chuo.

La tatu, ndugu wasikilizaji, ni kutofautisha rufaa na kuomba huruma. Barua nyingi za rufaa huandikwa hivi: "Mimi ni mtoto yatima, naomba mnifikirie." Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli na ya kuumiza, lakini kamati inayoisoma barua ile haina kifungu cha kuyatumia. Kamati inauliza: alama zimejumlishwa vibaya? Kuna karatasi haikusahihishwa? Kuna utaratibu uliokiukwa? Andika ukurasa mmoja, taja somo, taja alama, ambatanisha ushahidi, lipia ada ya rufaa kama ipo, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kabla ya hapo muone mwalimu wa somo, kisha mkuu wa idara. Mengine huishia hapo bila rufaa.

Kama ulikuwa mgonjwa, au ulifiwa, jambo hilo lilitakiwa lifike chuoni kabla ya mtihani, si baada ya matokeo. Kanuni za vyuo zinaruhusu mwanafunzi kuahirisha mtihani au hata mwaka mzima kwa sababu za msingi, akiwa na vyeti vya daktari. Nawaambia na wale ambao bado wamo chuoni: kuahirisha si kushindwa. Aliyeingia kwenye chumba cha mtihani na homa ya siku tatu, akatoka na E, hesabu yake ni E.

Na hapa niseme juu ya wale wanaowazunguka vijana hawa kama fisi. Atakuja mtu akwambie anamfahamu mtu kwenye ofisi ya mitihani, toa laki tatu jina lako litarudi. Huyo ni mwizi, na kama si mwizi basi ni mla rushwa, nawe ukitoa umekuwa mtoa rushwa. Akitokea mwenye mamlaka anayetaka mwili wa binti ili ambadilishie alama, hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya kupiga TAKUKURU ni 113, na haina malipo.

Sasa tuseme hesabu ni sahihi, rufaa imekataliwa, na umeachishwa kweli. Jiulize bila kujidanganya: nilishindwa kwa nini? Wapo waliochagua kozi kwa kuwa ina nafasi kubwa ya mkopo, wala si kwa kuwa wanaiweza. Wapo waliotoka kidato cha sita ambako kengele ilikuwa ikiwaamsha, wakafika chuo ambako hakuna anayeuliza kama umeamka. Wapo ambao bumu likitoka lote huishia kwenye kubeti. Wapo waliokuwa wakifanya kazi usiku ili wadogo zao wale. Kila sababu inaonyesha njia yake. Aliyechagua kozi isiyo yake aombe nyingine wakati wa udahili, au ashuke kwenye stashahada apande upya. Aliyeelemewa na kazi atazame Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaosoma huku wakifanya kazi. Mwenye mikono mizuri asione haya kwenda VETA kujifunza umeme au ushonaji. Lakini asiirudie kozi ileile kwa mwendo uleule, maana atavuna kilekile.

Na mkopo? Deni la Bodi ya Mikopo halifutwi kwa kuwa hukumaliza. Fedha uliyopokea ni deni lako, na ukija kuajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ni afadhali kulijua sasa.

Nimalizie na wazazi. Vijana hawajifichi kwa kupenda. Wanajificha kwa sababu wanaijua siku watakayosema itakuwaje nyumbani: "Tuliuza kiwanja kwa ajili yako! Mtoto wa fulani mbona amemaliza?" Mzazi ana haki ya kuumia, fedha ni yake na jasho ni lake. Lakini wahenga walisema, mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Mzazi anayetaka kuambiwa ukweli ajenge nyumba ambayo ukweli unaweza kuingia. Asisubiri mahafali. Aulize mapema, kila muhula, aone karatasi ya matokeo kama alivyokuwa akiona ripoti ya shule ya msingi, na akiona sapu aseme, "Njoo tukae, tatizo ni nini?" Mzazi atakayesikia habari ya sapu bila kupiga kelele ndiye atakayeambiwa habari ya disko wiki ileile, wakati siku za rufaa bado hazijaisha.

Nawe kijana ambaye barua unayo mfukoni na hujamwonyesha mtu, usingoje mwezi uishe. Kesho asubuhi nenda ukaulize siku ya mwisho ya rufaa ni lini. Jioni piga simu nyumbani.