Kiraka cha Pafu: Mazungumzo ya Afya kwa Wakazi wa Nakuru



Fundi wa pancha hutumbukiza tyubu kwenye karai la maji aone mapovu yanakotoka, huikausha, kisha hubandika kiraka. Daktari wa upasuaji wa kifua naye hutafuta mapovu kwa maji. Tofauti ni kwamba pafu haliwezi kukaushwa, na mgonjwa lazima apumue, mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Ubavu uliovunjika katika ajali, kama zile za Salgaa na Sachangwan, unaweza kutoboa pafu. Kifua kikuu nacho huacha makovu na mashimo. Sehemu iliyoharibika ikikatwa, kingo zinaweza kuvuja hewa. Mara nyingi huziba zenyewe. Siku 5 zikipita hewa bado inavuja, mgonjwa huendelea kulala wodini, hatari ya maambukizi huongezeka na gharama hupanda.

Ndiyo maana kuna viraka vinavyotokana na viumbe. Tangu miaka ya 1990, madaktari wametumia vipande vya mfuko unaofunika moyo wa ng'ombe kuimarisha kingo za pafu. Kwanza hutiwa dawa ili mwili usivikatae. Vingine ni vya kolajeni ya farasi, vimepakwa protini za kugandisha damu zitokazo kwa binadamu. Vikigusa majimaji ya jeraha hushika kwa dakika chache, kisha mwili huviyeyusha polepole. Watafiti sasa wanatafuta kiraka kinachonata vizuri zaidi penye majimaji, kinachonyumbuka kwa kila pumzi na kuzipa seli mpya nafasi ya kuota.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hutegemea mrija wa kifuani na chupa ya maji. Anayemuuguza akumbuke: chupa ikae chini kuliko kifua, na mrija usikunjwe wala kufungwa. Mapovu huonyesha kuwa hewa bado inatoka. Mrija ukichomoka au mgonjwa akishindwa kupumua, muuguzi aitwe mara moja.

La muhimu zaidi ni kuyalinda mapafu. Kikohozi kisichoisha kipimwe mapema. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na ni lazima zimezwe hadi daktari aseme zimekwisha, hata kama kikohozi kimepoa. Anayetibiwa mapema ana nafasi kubwa ya kuepuka kisu na kiraka.