KUSHINDANIA DINI BILA KUTUKANANA

Katika kaunti za Homa Bay na Migori si ajabu boma moja kuwa na watu wa madhehebu matatu au manne. Wasabato walianza kazi yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Wakatoliki wana misheni yao ya siku nyingi kule Asumbi. Waislamu wana msikiti wao Kendu Bay. Na kilima cha Got Kwer, Migori, ni mahali patakatifu pa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki katika miaka ya 1960.

Watu wakaao pamoja namna hii hawana budi kubishana, wala kubishana si dhambi. Yafaa kutazama habari ya mazishi. Mazishi mengi hufanyika Jumamosi, ili jamaa waliomo kazini mijini wapate kufika. Lakini kwa Msabato Jumamosi ni siku ya ibada na mapumziko, wala haoni vema kuzika siku hiyo. Mmoja hutaja amri ya Mungu. Mwingine hutaja heshima ya marehemu na haki ya jamaa. Hoja zote mbili zastahili kusikilizwa.

Aibu huanza mtu anapoiacha hoja na kumrukia mwenye kuisema. "Wewe ulifuata shule yao, hukumfuata Mungu!" Naye hujibiwa, "Na ninyi mwafuata nyama ya matanga!" Watu hucheka, lakini swali la Jumamosi hubaki palepale, marehemu hajazikwa, na ndugu wawili hawasemezani tena. Mwizi akipiga kelele kwamba Mto Kuja umefurika, maji hayapungui kwa sababu aliyesema ni mwizi. Mwenye busara huenda kuutazama mto.

Uko ugonjwa wa pili, nao ni dharau ya mtu asemaye kwamba wahubiri wote ni wezi na waumini wote ni wajinga. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na wengi wa watu hao walikufa kwa njaa. Tangu hapo, kanisa dogo likitajwa popote, wako wasemao, "Hao nao ni Shakahola." Msemaji hudhani anaonya, kumbe anaziba masikio. Mwumini aliyetukanwa mara mia bila sababu hatasikia onyo la mia na moja, hata likiwa la kweli.

Mhubiri akiwazuia wagonjwa kwenda hospitali, au watoto kwenda shule, na atajwe kwa tendo hilo, na mashahidi wapelekwe kwa chifu au kwa polisi. Hilo si tusi, ni shtaka, nalo lina mahali pake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, humpa kila mtu uhuru wa dini. Basi, ndugu msikilizaji, kabla ya kumjibu mwenzako, yarudie maneno yake mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kisha uyajibu hayo tu. Huenda msiafikiane juu ya Sabato hata kiama, lakini mkaafikiana kuzika Ijumaa.